Mstari wa Kumi na Tano

Saa moja na nusu asubuhi. Fundi anavua viatu mlangoni mwa wodi ya watoto njiti, anavaa kandambili nyeupe za wodini, ananawa mikono hadi viwikoni kama daktari anayekwenda kupasua. Kisha anakaa mbele ya kompyuta na hagusi kitu kwa karibu dakika nzima.

Anaitazama tu, kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani asiyemjua.

"Mzee, hiyo haiumi," anamtania muuguzi kijana anayepanga nepi ndogo, kila moja sawa na kiganja. "Ni mpya. Imetoka kwenye boksi jana."

"Ndiyo maana," anajibu fundi bila kugeuka.

Anafungua daftari la jalada gumu. Anaandika uzito kwenye kompyuta: 0.6. Kioo kinajibu: mistari 6. Anaweka alama ya vema. Anaandika 0.7, na hapo kidole kinasita juu ya kitufe, kama kinavyosita kila asubuhi kwa mwaka wa nne sasa. Jibu linakuja: mistari 7. Anashusha pumzi. Anaendelea na 0.8.

Hospitali nzima inamwita Nukta. Ana miaka hamsini na minane, na ndiye fundi wa kompyuta peke yake katika jengo lenye kompyuta arobaini na sita. Kumi na moja kati ya hizo zimemzidi umri mtoto wa darasa la sita. Nafasi ya msaidizi wake iko wazi mwaka wa tatu huu. Mshahara wake unalingana na wa dereva wa gari la wagonjwa, na hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni kingine.

"Wenzangu wanaogopa kompyuta ikizimika," anasema. "Mimi ikizimika nalala fofofo. Naogopa ikijibu."

Leo ana sababu ya kuogopa zaidi. Kompyuta ya wodi imebadilishwa, na kabla ya saa sita mchana anatakiwa atie saini fomu ya kuiruhusu ianze kazi. Mara ya mwisho alipotia saini fomu ya namna hiyo katika chumba hikihiki, mtoto alikaribia kufa.

Wodi hii ni ya watoto wasiofika kilo mbili. Wengi wamezaliwa kabla ya wakati, na wapo wanaosahau kupumua. Kifua kinapanda, kinashuka, kisha kinatulia, na mama anabaki amekodoa macho. Wanapewa dawa ya kuukumbusha mwili kazi yake. Dawa hiyo hupimwa kwa bomba dogo la sindano lenye mistari, na kanuni yake ni nyepesi: kila kilo moja, mistari kumi. Mtoto wa nusu kilo, mitano. Mtoto wa kilo na nusu, kumi na mitano.

Hesabu hiyo hufanywa na kompyuta. Muuguzi anaandika uzito, programu inazidisha kwa kumi, inakata kilichobaki baada ya nukta, inatoa idadi ya mistari. Mtoto wa darasa la tano angeiweza kwa kichwa. Iliwekwa kwenye kompyuta kwa sababu muuguzi aliyesimama kwa saa kumi na mbili mfululizo hana tena kichwa cha kukiamini.

Kompyuta ya zamani, ile ya kabla ya miaka minne iliyopita, ilikuwa na kasoro moja iliyojulikana na kila mtu. Ukiiandikia 0.7, ilijibu 6.

"Tulisema mashine ina njaa, inakula mstari mmoja," anasimulia muuguzi ambaye wodi nzima inamwita Shangazi. Ana miaka ishirini na mmoja kazini, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja, na mikono midogo kama ya msichana. "Tukamwambia fundi aliyekuwepo kabla ya huyu. Akasema, ndivyo ilivyo hiyo, nyinyi ongezeni tu. Basi tukaongeza."

Waliziandika namba zenye matatizo kwenye kipande cha karatasi, wakakibandika kwa plasta ya kidonda pembeni mwa kioo: 0.6, 0.7, 1.2, 1.4, 1.7, 1.9. Chini yake wakaandika: ongeza mstari mmoja. Waliishi na karatasi hiyo miaka mitatu. Mwaka wa kwanza waliisoma. Mwaka wa pili waliitupia jicho. Mwaka wa tatu hakuna aliyeiangalia, maana ilishahamia mikononi.

Kisha ile kompyuta ikafa, na Nukta akaleta nyingine. Programu ilikuwa ileile, haikubadilika hata herufi. Kioo cha zamani alikipeleka stoo pamoja na karatasi yake.

"Niliiona," anasema, na anavua miwani ingawa haina ukungu. "Sikuisoma. Nilidhani ni namba za simu za watu."

Kabla ya kutia saini aliijaribu kompyuta mpya. Aliandika nusu kilo, kilo moja, kilo na nusu, kilo mbili. Majibu yote manne yalikuwa sahihi. Akasaini, akaenda kunywa chai.

Siku ya tatu aliingizwa wodini mtoto wa kike wa gramu mia saba. Wauguzi wakampa jina la utani hapohapo: Mia Saba. Shangazi akaandika 0.7. Kompyuta mpya ikajibu 7. Na mkono wa Shangazi, uliozoea miaka mitatu, ukaongeza mstari mmoja.

Minane. Asubuhi minane, jioni minane, siku tatu mfululizo.

Siku ya nne ya dawa, moyo wa Mia Saba ulianza kupiga mbio kiasi kwamba kengele ya kitanda haikunyamaza. Mishipa ya utosini ilionekana ikiruka. Dawa ikasimamishwa, na moyo ukachukua siku mbili kurudi mahali pake. Je, ni mstari ule mmoja, au mtoto alikuwa dhaifu tangu mwanzo? Daktari aliandika neno moja kwenye faili: huenda.

"Hilo neno," anasema Nukta. "Angeandika ndiyo, ningelia, yakaisha. Angeandika hapana, ningeshukuru. Sasa huenda, unaifanyaje?"

Aliitoa kompyuta ya zamani stoo, akaifufua kwa vipuri, akaanza kutafuta. Programu ileile, namba ileile, kwa nini moja iseme sita na nyingine saba? Ilimchukua wiki tano. Mkewe anazikumbuka wiki hizo.

"Alikuwa anazidisha hata kwenye meza ya chakula," anasema mkewe, mshonaji wa sare za shule. "Namwambia, baba watoto, sufuri nukta saba mara kumi ni ngapi hata mjukuu wako anajua. Ananiambia, wewe na mjukuu mnajua, kompyuta haijui."

Na kweli haijui. Kompyuta huhesabu kwa kugawa nusu kwa nusu: nusu, robo, nusu ya robo, ikishuka hivyo hivyo. Kwa vipande hivyo inaweza kuijenga nusu kilo sawasawa. Sufuri nukta saba haiwezi. Itakaribia, itakaribia tena, lakini haifiki, kama unavyogawa moja kwa tatu daftarini na zile tatu zisiishe. Mahali fulani lazima ikate, na inachokiita 0.7 ni kitu kilichopungua kidogo sana, pungufu ambayo hakuna mizani duniani ingeigundua.

Kompyuta ya zamani ilikuwa na chipu iliyobeba mkia mrefu wakati wa kuzidisha, tarakimu sitini na nne za sufuri na moja. Ile pungufu haikupotea. Jibu lake lilikuwa sita, nukta, kisha tisa kumi na tano zikifuatana. Programu ilipokata kilichobaki baada ya nukta, tisa zote zikaanguka, ikabaki sita.

Chipu mpya hubeba tarakimu hamsini na tatu tu. Mkia ule haukuenea, ikaupeleka kwenye namba iliyo karibu: saba kamili.

"Umeelewa ubaya wake?" anauliza Nukta, akiinamia meza. "Ile iliyokuwa makini zaidi ndiyo iliyokosea. Hii iliyo na haraka ndiyo iliyopata. Sasa utamwamini nani?"

Na hakuishia kwenye chipu. Aliiwekea kompyuta ya zamani mfumo endeshi mwingine, akaijenga programu upya bila kuyagusa maandishi yake. Ikajibu 7. Chuma kilekile, kilichosema sita kwa miaka mitatu, sasa kinasema saba, kwa sababu mfumo wa pili unapowaka huiamuru chipu ifupishe mikia yote. Hakuna aliyemwambia. Hakuna palipoandikwa kwenye kioo.

Ndipo alipogundua pia majaribio yake manne yalikuwa na thamani gani. Nusu, moja, moja na nusu, mbili: hizo ndizo namba ambazo kompyuta yoyote huzijenga sawasawa. Alikuwa amezichagua kwa sababu ni rahisi kuzihakiki kwa kichwa. Angejaribu siku nzima kwa namba hizo, asingeona kitu.

Kamati ya hospitali ilikaa, ikaamuru karatasi na nyongeza zote zikome. Kuhusu programu, kamati ilisema isiguswe, maana kampuni iliyoiandika ilishafungwa na hakuna wa kubeba lawama ikiharibika. Shangazi aliomba ahamishwe. Alikaa miaka minne kwenye dirisha la wagonjwa wa nje, akipima joto na shinikizo la damu.

Nukta naye akaanza utaratibu wake. Kila asubuhi anajaribu uzito wote kumi na minne, kuanzia 0.6 hadi 1.9. Na kila muuguzi anayeingia wodi hii kwa mara ya kwanza lazima achote maji ya kikombe kwa bomba la sindano mbele yake, kulingana na jibu la kioo. Wauguzi wanauita mtihani wa maji, na wanaucheka. Hakuna aliyewahi kufeli.

Wiki iliyopita, kabla ya kukubali kusimulia haya gazetini, aliomba jambo moja: mama yake Mia Saba aambiwe kwanza, na awe yeye mwenyewe wa kumwambia. Familia ilikuwa imeelezwa tu kwamba moyo wa mtoto ulichoka. Mia Saba sasa ana miaka minne, anakimbia kwenye korido za kliniki kama mwenye nyumba, na kila akija Nukta humpa biskuti.

Walikaa benchi moja. Alimweleza yote. Jina la mwanawe likaitwa mara mbili dirishani, mama hakuinuka.

"Kwa hiyo, baba," alisema hatimaye, "zile biskuti zote, kumbe zilikuwa zangu?"

Mama akainuka kuitikia mwito wa dirishani.

"Sijakusamehe leo. Nisikudanganye. Lakini waambie waandike. Kuna mwenzangu amekaa huko ndani sasa hivi na wa kwake."

Huyo mwenzake leo yumo wodini kweli. Amekaa kando ya kitanda cha joto namba tatu, mkono mmoja umepitishwa kwenye tundu, kidole chake kimeshikwa na vidole vitano visivyozidi njiti za kiberiti. Mwanawe amepimwa alfajiri: kilo 1.4. Dawa yake ni saa nne.

Saa tatu kasorobo mlango unafunguka na Shangazi anaingia. Wodi ina wauguzi watano kwa watoto kumi na tisa, na ameombwa arudi. Ni siku yake ya kwanza.

"Jamani, mbona kumekuwa kimya hivi, kuna msiba?" anasema, na muuguzi kijana anamkumbatia.

"Shangazi, kuna mtihani kwanza," anamwambia. "Ukifeli unarudi darasa la kwanza."

"Mtihani wa nani? Huyu?" Anamwangalia Nukta. Hawajawahi kulizungumza jambo lile, si koridoni wala kwenye foleni ya chai. "Haya, fundi. Lete maji yako."

Nukta anaandika 0.7. Kioo: 7. Shangazi anavuta maji polepole, anainua bomba kwenye mwanga, anaushusha mkono. Saba, sawasawa.

"Hiyo naiota," anasema. "Hiyo hunipati."

Nukta anaandika 0.9. Tisa. Anaandika 1.1. Kumi na moja. Shangazi ameshalegea mabega, anamuuliza muuguzi kijana kama yule mfamasia mkali bado yupo, na kijana anaiga mwendo wa mfamasia, na wote wanacheka. Nukta anaandika 1.4. Kioo: 14. Shangazi anachota huku bado anacheka, anamkabidhi bomba.

Nukta analipeleka dirishani. Anahesabu. Anahesabu tena kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari.

"Shangazi."

"Sema, baba."

"Soma mwenyewe."

Anasoma. Kicheko kinamkatika usoni. Maji yamesimama kwenye mstari wa kumi na tano.

Mashine za kupumulia zinavuma. Mama wa kitanda namba tatu, ambaye hajui kinachoendelea, anainua macho kwa sababu wodi imenyamaza ghafla, na katika wodi hii mama huogopa kimya kuliko kelele.

"Kichwa kinajua," anasema Shangazi kwa sauti ambayo haifanani na yake. "Haki ya Mungu, kichwa kinajua. Nimeikataa ile saba miaka minne. Hizi nyingine nilidhani nimezisahau."

"Mkono haujasahau," anasema Nukta.

Analifunga daftari. Kwa miaka minne amekuwa akizijaribu kompyuta akiamini hatari imejificha ndani yake, kwenye mikia ya namba, na amegundua mengi huko. Hata hii ya leo ina tabia yake: chipu yake inaweza kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja na kufupisha mara moja tu badala ya mbili, kwa hiyo mikia yake inatofautiana na ya ile iliyotangulia. Tofauti hizo zenyewe ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Hatari huanza pale programu inapozikata, na binadamu anapojifunza kuzoea kilichokatwa.

Simu ya mezani inalia. Ni ofisi ya utawala, inauliza fomu.

"Bado," anasema Nukta.

Anasikiliza.

"Mashine haina kosa lolote. Imepata kumi na nne kwa kumi na nne."

Anasikiliza tena, muda mrefu zaidi.

"Najua ni mpya, bosi. Najua imeagizwa. Mashine imefaulu. Ni sisi tuliofeli. Sisaini."

Anakata simu na kuiangalia kama iliyompiga kofi. "Leo wataniita mkaidi," anasema. "Kesho sijui wataniitaje."

Kwenye fomu, mahali pa saini, anaandika kwa herufi kubwa: BADO. Chini yake anaeleza kwamba kuanzia leo hadi kamati itakapokaa Alhamisi, kila dozi itasomwa kwa sauti na wauguzi wawili, mmoja akichota, mwenzake akihesabu.

Ana barua ya kurasa mbili aliyoipeleka kwa kamati hiyo mara mbili, na mara mbili ikarudi bila jibu. Ombi lake ni moja. Uzito wa watoto uandikwe kwa gramu, namba nzima isiyo na nukta: si 1.4, bali 1400. Programu igawe kwa mia moja. Namba nzima ndogo kama hizo kila chipu inazijenga sawasawa, kila mfumo endeshi unazikubali, jana, leo, na kwenye kompyuta itakayoletwa baada ya yeye kuondoka. Tena muuguzi aliyezoea kuona 1.4 hataiona tena. Mkono wake utakosa pa kujikwaa.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu," anasema. "Sitaki sherehe, sitaki saa ya ukutani. Nataka nikitoka hapa pasiwe na namba hata moja inayonisubiri."

"Barua yako ina kurasa ngapi?" anauliza Shangazi ghafla.

"Mbili."

"Nitakuandikia ya tatu. Kwa mkono wangu huuhuu. Waambie niliyechota ile minane ni mimi, na leo nimechota kumi na tano, na nilikuwa nacheka."

Saa nne inafika. Dozi ya kitanda namba tatu haisubiri kamati. Muuguzi kijana anataka kuichukua, Shangazi anamzuia kwa kiwiko.

"Nisipoichota leo, sitaichota tena," anasema. "Wewe hesabu. Kwa sauti. Mama huyu naye asikie."

Anachoma kichupa, anaanza kuvuta. Muuguzi kijana anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mama ameuachia mkono wa mwanawe, amegeuka kutazama. Nane. Tisa. Nukta amesimama nyuma yao, daftari limebanwa kifuani, midomo yake ikifuata bila sauti. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

"Kumi na nne."

Kidole gumba cha Shangazi kinasimama. Kinataka kusogea, na wote wanne wanakiona kinavyotaka. Hakisogei.

"Ni hapo?" anauliza.

"Ni hapo, Shangazi."

"Hesabu tena."

Muuguzi kijana anaanza tena, moja.